Kila Mtu Ana Taifodi, Nani Kapimwa?

Vijana wenzetu, fanyeni utafiti mdogo wiki hii. Ukiwa kijiweni, saluni au kwenye daladala, uliza watu kumi nani amewahi kuambiwa ana taifodi. Usishangae mikono saba ikinyooka. Muulize kila mmoja alipimwaje. Utasikia hadithi moja: alikwenda zahanati na homa na kichwa kinauma, akatolewa damu kidogo, baada ya nusu saa akaitwa dirishani na kuambiwa "una malaria wawili, taifodi na UTI". Akaandikiwa sindano za siku tano na mfuko wa vidonge. Akalipa, akaondoka. Miezi mitatu baadaye akarudi, akaambiwa hivyohivyo.

Hilo limekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba watu wanalifanyia utani mitandaoni. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Hapo katikati kuna hela za walalahoi zinazopotea, kuna dawa muhimu zinazoharibiwa, na kuna wagonjwa wa kweli wanaofukiwa chini ya lundo la wagonjwa wa karatasi. Leo tahariri yetu inazungumzia mdudu anayeitwa salmonela, na kwa nini kumdhibiti ni suala la siasa kama ilivyo katiba au bei ya sukari.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Salmonela ni bakteria, na wako wa makundi mawili yanayotuhusu. Kundi la kwanza ni yule anayeleta taifodi, yaani homa ya matumbo. Huyu anaishi ndani ya binadamu peke yake. Hana makazi kwa kuku, ng'ombe wala panya. Ukimkuta kwenye maji au kwenye kachumbari, jua kwamba kinyesi cha mtu kimefika hapo. Hakuna njia nyingine. Mtu akimmeza, hukaa wiki moja hadi mbili au zaidi kidogo kabla ya homa kuanza. Homa hupanda polepole, siku baada ya siku, kichwa kinauma, tumbo linasumbua, wengine wanaharisha na wengine wanafunga choo kabisa. Akiachwa bila dawa sahihi, kufikia wiki ya tatu hivi utumbo unaweza kutoboka, na hapo mgonjwa anahitaji upasuaji wa haraka.

Kundi la pili ni salmonela wengine wanaokaa kwa wanyama: kuku, nguruwe, ng'ombe. Hawa tunawapata kwenye mayai mabichi, nyama isiyoiva na maziwa yasiyochemshwa. Kwa mtu mzima mwenye afya huleta kuharisha, kutapika na homa kati ya saa 6 na siku 3 baada ya kula, na mara nyingi mtu hupona ndani ya wiki moja kwa maji na chumvichumvi, bila antibayotiki. Ila kwa mtoto mdogo mwenye malaria, upungufu wa damu au utapiamlo, na kwa mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi bila dawa, mdudu huyuhuyu huingia kwenye damu na kuua. Mara nyingi mtoto wa namna hiyo haharishi hata kidogo. Ana homa tu. Mama anadhani ni malaria, mhudumu naye anadhani ni malaria.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 9 waliugua taifodi duniani, na watu 110,000 walikufa. Kwa hiyo tuelewane mapema: hatusemi taifodi haipo. Ipo na inaua. Tunachosema ni kwamba nchi yetu inaipima vibaya, inaitibu ovyo na haiizuii.

Kipimo kinachotumika kwenye zahanati nyingi mtaani kinaitwa Widal, jina la daktari wa Kifaransa Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896. Mwaka huo wazee wetu walikuwa ndiyo kwanza wanatandikwa viboko vya Mjerumani. Kipimo hiki hakimtafuti mdudu. Kinatafuta askari wa mwili, zile kingamwili, waliotengenezwa kupambana naye. Shida ni kwamba askari hao wanaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya mtu kupona. Wanaweza kuonekana kwa sababu ya salmonela wa aina nyingine, na hata malaria inaweza kukivuruga kipimo. Kwa hiyo jibu la "chanya" kwa kipimo kimoja tu halithibitishi kwamba homa uliyonayo leo ni taifodi.

Hii si porojo yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulifanyika hapahapa Muheza, mkoani Tanga, kwa watoto waliolazwa hospitali. Kati ya watoto 1,680, waliokutwa na mdudu wa taifodi kwa kuotesha damu maabara walikuwa 16 tu. Na kipimo cha Widal kiliposema "chanya", kilikuwa sahihi kwa takriban mtoto mmoja kati ya wanne. Kumbuka hapo kilipimwa kwa utaratibu, na wataalamu, hospitalini. Sasa piga picha ya chumba kimoja cha uchochoroni chenye chupa ya kemikali iliyokaa juani.

Tena Moshi, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Walioandikiwa kuwa wana malaria walikuwa 528. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Kumi na nne! Waliobaki walikuwa na magonjwa mengine, baadhi yao bakteria kwenye damu. Hayo matokeo yalichapishwa mwaka 2013 na yako wazi kwa kila mtu, akiwemo yeyote anayepanga bajeti ya afya.

Hapa tunataka kuwa waungwana. Hatumlaumu yule dada wa maabara au tabibu wa zahanati. Anafanya kazi na alichopewa. Mgonjwa anataka jibu sasa hivi, mwenye zahanati anataka mapato, na njia ya uhakika, ya kuotesha damu maabara, inahitaji vifaa, umeme usiokatika, wataalamu na siku kadhaa za kusubiri. Hata hiyo njia humkosa mdudu mara nyingi kama mgonjwa ameshameza antibayotiki. Lakini ndiyo njia inayomwonyesha mdudu kwa macho na kutuambia dawa gani inamuua. Nje ya hospitali kubwa chache, mwananchi wa kawaida ataipata wapi?

Gharama ya uzembe huu inalipwa mara tatu. Kwanza inalipwa na mfuko wa mgonjwa. Mama anayeuza vitumbua anaacha mtaji wa wiki nzima kwenye dirisha la dawa kwa ugonjwa ambao huenda hana. Pili inalipwa na yule mwenye ugonjwa mwingine, aliyepelekwa nyumbani na dawa za taifodi huku kinachomuua kinaendelea. Tatu inalipwa na sisi sote, kwa sababu dawa zinachoka.

Hili la dawa kuchoka tulielewe vizuri. Mwaka 1948 kloramfeniko ilionekana kutibu taifodi, dunia ikashangilia. Leo wadudu wengi wameizoea. Ikaja sipro, nayo imeanza kugonga mwamba sehemu nyingi. Kuanzia mwishoni mwa 2016 huko Hyderabad, jimbo la Sindh nchini Pakistan, ikazuka taifodi isiyosikia karibu dawa zote za kawaida, pamoja na sindano za seftriaksoni. Dawa ya kumeza iliyobaki ya kutegemewa ilikuwa azithromaisini, hiyo ambayo mtaani kwetu tunaiita azuma na kuinunua kama pipi kwa ajili ya mafua. Kila mgonjwa wa uongo wa taifodi anayedungwa sindano siku tano anawafundisha bakteria mbinu mpya. Siku mdudu wa Sindh akibisha hodi Kariakoo, tutamkaribisha na nini?

Sasa twende kwenye kuzuia, maana hapo ndipo serikali inapojificha. Kila mvua ikinyesha na kipindupindu au taifodi ikitajwa, tunasikia wimbo uleule: wananchi nawe mikono, chemsheni maji, acheni kula ovyo. Ushauri ni sahihi na tunaurudia hapa bila aibu. Lakini kuchemsha maji kunataka mkaa au gesi. Kunawa kunataka maji na sabuni. Unamwambia mtu anayenunua maji kwa dumu, kutoka kwenye boza ambalo hakuna anayejua lilijazwa wapi, achemshe lita ishirini kila siku? Kwa kipato gani?

Tazameni mabondeni Dar es Salaam. Mvua kubwa ikianza, kuna watu wanasubiri usiku na kutapisha vyoo. Wanafungua shimo ili mafuriko yabebe uchafu. Tunalaani kitendo hicho, maana kinyesi hicho kinaishia kwenye kisima cha jirani na kwenye matuta ya mchicha bondeni Msimbazi. Lakini tuulize pia: gari la kunyonya maji taka linaweza kupita kwenye uchochoro wa Tandale au Vingunguti? Na likipita, bei yake inalingana na kodi ya chumba cha nani? Mtu akikosa njia halali, anatengeneza njia ya usiku.

Historia inatupa somo. Mwaka 1908, mji wa Jersey City huko Marekani ulianza kutia klorini kwenye maji ya bomba kwa utaratibu wa kudumu. Miji mingine ikafuata, pamoja na kuchuja maji na kujenga mifereji ya maji taka. Taifodi iliporomoka katika miji hiyo miaka mingi kabla ya ile dawa ya 1948 kupatikana. Kwa lugha rahisi, waliishinda kwa bomba na choo kabla ya kuwa na kidonge. Sisi tuna vidonge vya kila rangi, na bomba linatoka maji siku mbili kwa wiki.

Na jirani zetu wametuonyesha kinachotokea mji ukizembea. Mwaka 2015 Kampala ilipata mlipuko wa taifodi uliogusa watu zaidi ya 10,000 walioshukiwa kuugua. Uchunguzi uliwafikisha kwenye maji ya kufungwa kwenye mifuko na juisi za mtaani zilizotengenezwa kwa maji machafu. Tofauti ya Kampala na Mbagala kwenye jambo hili ni ipi, ndugu zangu?

Mtu atasema: basi wafukuzeni mama lishe na wauza juisi. Hapana. Tunaijua hiyo sinema, mgambo wanakuja asubuhi, wanamwaga masufuria, jioni watu wanakula palepale kwa sababu ndipo wanapomudu. Kule New York kulikuwa na mpishi mmoja, mhamiaji kutoka Ireland, Mary Mallon. Hakuwa mgonjwa, lakini alibeba vijidudu vya taifodi mwilini na kuwaambukiza aliowapikia. Watu kama yeye wapo, mdudu hujificha kwenye kifuko cha nyongo kwa miaka. Mamlaka zilimfungia kisiwani mara mbili, jumla ya miaka 26, hadi alipokufa mwaka 1938. Wabebaji wengine waligunduliwa kwa mamia na hawakufanyiwa hivyo. Yeye alikuwa maskini, mwanamke na mgeni. Kilichoikomboa New York na miji mingine hakikuwa kifungo cha Mary. Kilikuwa ni maji safi, maziwa yaliyochemshwa kiwandani na ukaguzi wa chakula.

Wafanyabiashara wadogo wa nchi hii waliuziwa vitambulisho kwa shilingi 20,000 kila mmoja kuanzia mwishoni mwa 2018. Wanalipa ushuru wa soko, wanalipa taka. Tunauliza swali la kiungwana kabisa: katika masoko yenu, hela hizo zimeleta bomba ngapi za kunawia na vyoo vingapi vyenye maji? Mpe mama lishe bomba, beseni la kuoshea na choo cha karibu, halafu ndiyo umtume bwana afya amkague. Akikataa kufuata usafi wakati vifaa vipo, hapo sheria ichukue mkondo wake na sisi tutaiunga mkono.

Upande wa kuku na mayai nao hatuwezi kuuruka, maana chipsi mayai ndiyo chakula cha taifa la vijana. Uingereza, Desemba 1988, naibu waziri wa afya Edwina Currie alisema hadharani kwamba mayai mengi ya nchi yake yana salmonela. Soko la mayai likaanguka, wafugaji wakaja juu, akajiuzulu ndani ya wiki mbili. Alikuwa ametia chumvi, lakini tatizo lilikuwepo. Katika miaka ya 1990 wakaanza kuchanja kuku wa mayai na kuweka alama kwenye mayai yaliyofuata utaratibu, na wagonjwa wakapungua mno. Sweden nayo, baada ya mlipuko wa mwaka 1953 ulioanzia machinjio ya Alvesta na kuua watu karibu 90, ilijenga mfumo mkali wa kupima mashamba na machinjio, na leo kuku wake ni miongoni mwa walio safi zaidi duniani. Kwetu usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka TFDA kwenda TBS mwaka 2019. Vizuri. Je, matokeo ya vipimo vya kuku na mayai sokoni yanabandikwa wapi ili mlaji ayaone?

Kwa wafugaji vijana, na mko wengi: ile taifodi ya kuku inayomaliza banda lenu ni salmonela pia, lakini ni wa aina yake, hana kawaida ya kuwapa watu homa ya matumbo. Wanaotuhatarisha ni wale wanaokaa kwa kuku asiyeonyesha ugonjwa wowote. Ndiyo maana kumwangalia kuku kwa macho hakutoshi.

Basi, sisi vijana tunataka nini? Tunayasema matano.

Kwanza, kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na maabara inayofanya kazi ya kuotesha damu, na takwimu zake zitangazwe. Bila hizo tutaendelea kuhesabu wagonjwa wa karatasi.

Pili, wizara itoke hadharani na kusema kipimo kimoja cha Widal hakitoshi kumtia mtu kwenye sindano za siku tano, isimamie zahanati zote, za umma na za binafsi, na bima ya afya kwa wote isilipie ubahatishaji. Sheria ya bima hiyo ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na itakuwa kichekesho ikigeuka bomba la kumwaga hela kwenye taifodi hewa.

Tatu, maji. Mamlaka za maji zipime klorini kwenye magati, visima na maboza, na majibu yabandikwe palepale kwa Kiswahili. Halmashauri zinunue mashine ndogo za kunyonya vyoo zinazopita uchochoroni na kupunguza bei, ili mtu asiwe na sababu ya kutapisha usiku.

Nne, chanjo. Ipo chanjo ya taifodi ya dozi moja iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwishoni mwa 2017. Huko Blantyre, Malawi, ilipunguza taifodi kwa watoto kwa takriban asilimia 80. Malawi iliianza kitaifa mwaka 2023, Kenya ikafuata 2025. Serikali ituwekee mezani ratiba yake, yenye mwezi na mwaka. Chanjo haitasafisha maji, lakini itawalinda watoto wakati mabomba yanajengwa.

Tano, vita dhidi ya malaria na utapiamlo isilegee. Hapohapo Muheza, malaria ilipopungua kati ya 2006 na 2010, salmonela kwenye damu ya watoto nayo ilipungua. Chandarua kimoja kinamzuia mbu na kinamfungia mlango salmonela.

Watatuambia hela hakuna. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mpiga kura. Anayo haki ya kuuliza ahadi ile imefikia wapi, na magari ya kifahari ya misafara yanatoka kwenye asilimia gani.

Wakati tunaidai serikali, tusisubiri kufa. Homa ya mtoto isikae nyumbani, apelekwe hospitali mapema. Ukiambiwa una taifodi, uliza kwa heshima: "Daktari, mmeotesha damu au ni Widal?" Usinunue antibayotiki kwa ushauri wa jirani, na ukiandikiwa na daktari maliza dozi. Maji ya kunywa yachemshe au weka dawa ya klorini. Kisu kilichokata kuku mbichi kisikate kachumbari kabla hakijaoshwa kwa sabuni. Yai liive, hata kama muuza chipsi ana haraka.

Na mkutano wa mtaa au kijiji ukiitishwa, nendeni. Msiende kupiga makofi. Nendeni na maswali mawili tu: maji tunayokunywa hapa yalipimwa lini mara ya mwisho, na majibu yako wapi? Mwenyekiti akikosa jibu, ombeni yaandikwe kwenye muhtasari kwamba amekosa. Mkutano ujao mrudi na muhtasari huo mkononi.